Nyaya Sita za Joistiki

Sogeeni hapa mezani, vijana, msimame upande wenye mwanga. Kisanduku hiki cheusi chenye mpini mmoja katikati na kitufe kimoja chekundu kwenye kona ni joistiki ya Atari. Namba yake ya kiwandani ni CX40. Ilianza kutoka 1978, mwaka mmoja baada ya kampuni ya Atari, kule California nchini Marekani, kutoa mashine ya michezo ya kuchomeka kwenye televisheni. Mashine hiyo iliitwa VCS, na baadaye ikapewa jina la Atari 2600.

Nitawasimulia safari fupi sana: kutoka mkononi mwako, kupitia kebo hii, hadi ndani ya kompyuta. Ni safari ya chini ya mita mbili tu, lakini njiani mna mambo. Mtaona plagi mbili zenye sura moja zikishindwa kuelewana, na nyingine zikielewana vibaya hadi chipu ikaungua. Mtaona pia jinsi kijana mwenye bisibisi na tesita anavyoweza kuzipatanisha leo hii, miaka mingi baada ya mafundi waliozibuni kustaafu.

Tuanze kwa kuifungua. Geuza kisanduku, legeza skrubu nne za chini, kisha inua kifuniko taratibu kwa sababu chini ya kitufe chekundu kuna springi inayopenda kuruka. Tazameni ubao wa sakiti. Juu yake mnaona vijibati vitano vya duara vilivyobinuka kidogo, kimoja kwa kila upande na cha tano chini ya kitufe. Bonyeza kimoja kwa ncha ya kidole. Umesikia “tik”? Kijibati kimebonyea, kimegusa shaba iliyo chini yake, na ulipoondoa kidole kimerudi kama kilivyokuwa. Basi, hiyo ndiyo joistiki nzima. Mpini wenyewe haugusi umeme hata kidogo. Ukiulaza kushoto, plastiki iliyo chini yake inakandamiza kijibati cha kushoto. Ukiulaza kwa mshazari, unakandamiza viwili kwa pamoja. Hakuna chipu wala betri humu ndani, na ndiyo maana joistiki nyingi za aina hii bado zinafanya kazi.

Sasa hesabuni nyaya zinazotoka kwenye ubao. Ni sita. Mweupe ni wa juu, wa buluu ni wa chini, wa kijani ni wa kushoto, wa kahawia ni wa kulia, na wa rangi ya chungwa ni wa kufyatulia. Mweusi ni ethi, na huo unashirikiwa na wenzake wote watano. Kila kijibati kina kazi moja: ukikibonyeza, kinaunganisha waya wake na ule mweusi. Ukikiachia, kinautenga.

Nyaya hizo zinaishia kwenye plagi ya matundu tisa yenye umbo la herufi D, safu ya juu matundu matano, safu ya chini manne. Umbo hilo halikubuniwa kwa ajili ya michezo. Kampuni ya Cannon ya Marekani ilianza kutengeneza plagi za familia hii 1952, na faida yake mnaiona wenyewe: upande mmoja ni mpana kuliko mwingine, kwa hiyo huwezi kuichomeka juu chini hata gizani. Kwa mpango wa Atari, namba 1 ni juu, 2 ni chini, 3 kushoto, 4 kulia, 6 kitufe, na 8 ethi. Namba 7 inatoa volti 5 kwa kifaa kinachohitaji kulishwa umeme. Namba 5 na 9 joistiki hii haizitumii kabisa. Zina wenyewe, nao tutakutana nao mwishoni.

Hapa pana mtego ambao huwaangusha hata watu wazima, kwa hiyo sikilizeni vizuri. Ukilitazama tundu la kompyuta usoni, lenye pini zilizochomoza, safu ya pini tano ikiwa juu, pini ya kwanza iko kushoto. Ukiitazama plagi ya joistiki usoni, safu ya matundu matano ikiwa juu, tundu la kwanza liko kulia. Ni lazima iwe hivyo, maana vitu viwili vinavyotazamana uso kwa uso, kushoto kwa mmoja ni kulia kwa mwenzake. Mchoro wowote wa plagi usioeleza unaonyesha uso upi, dume au jike, mbele au nyuma panapolehemiwa, usiutumie mpaka umehakikisha. Mara nyingi namba zimechongwa kwenye plastiki yenyewe kwa herufi ndogo sana. Chukua kioo cha kukuzia uzitafute.

Haya, plagi imeingia. Kompyuta inajuaje kwamba umelaza mpini?

Upande wa kompyuta, kila mmoja wa zile nyaya tano umeunganishwa na volti 5 kupitia rezista. Rezista inaruhusu umeme kidogo tu kupita. Usipogusa kitu, waya unabaki juu, kwenye volti 5, na kompyuta inausoma kama 1. Ukibonyeza, waya unagusana na ethi, umeme wote ule mdogo unakimbilia huko, waya unashuka hadi karibu na volti 0, na kompyuta inasoma 0. Kwa hiyo kubonyeza ni sifuri na kuachia ni moja. Mtu anayeanza hudhani ni kinyume chake, lakini mafundi walichagua hivi kwa sababu njema: waya uliokatika au joistiki isiyochomekwa inasomeka kama mkono uliotulia, na mchezo haukimbii ovyo.

Sasa tuhamie kwenye Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyotoka 1982. Matundu yake mawili ya joistiki yako ubavuni, upande wa kulia, jirani kabisa na swichi ya kuwashia. Nimewachagulia kompyuta hii kwa sababu inakuruhusu kuuona umeme kwa namba. Iwashe, kisha andika mistari miwili ya lugha ya BASIC:

10 PRINT PEEK(56320)
20 GOTO 10

Andika RUN na ubonyeze kitufe cha RETURN. Safu ya namba itaanza kuteremka kwenye skrini: 127, 127, 127. Namba 56320 ni anwani ya mahali panaposomwa tundu la pili, na 127 maana yake mkono umetulia. Laza mpini juu, namba inageuka 126. Chini, 125. Kushoto, 123. Kulia, 119. Bonyeza kitufe, 111.

Msiziache namba hizo zipite hivi hivi. Toeni kila moja kwenye 127 mwone kinachobaki: 1, 2, 4, 8, 16. Kila moja ni mara mbili ya iliyotangulia. Kwa nini mafundi walipenda mpangilio huo? Kwa sababu ukichanganya namba hizo kwa njia yoyote ile, hakuna michanganyiko miwili itakayotoa jumla moja. Ukilaza mpini juu na kulia kwa pamoja huku umebonyeza kitufe, unatoa 1, 8 na 16, yaani 25, inabaki 102. Hakuna namna nyingine ya kuipata 102. Basi niwape ya kwenu: skrini inaonyesha 106. Mchezaji anafanya nini? Toeni 106 kwenye 127, mnapata 21. Ndani ya 21 mna 16, mna 4, mna 1. Anafyatua huku anakwenda juu kushoto. Mmemwona mkono wake na wala hamko naye chumbani. Nimekaa na kompyuta kwa miaka mingi, lakini jambo hili bado linanifurahisha.

Tundu la kwanza la Commodore 64 lina tabia yake. Nyaya zake zinapita njia moja na nyaya za kibodi, maana chipu iliyopewa kazi ya kusoma kibodi ndiyo hiyo hiyo inayosoma joistiki, na waundaji walikuwa wanabana gharama. Chomeka joistiki huko, kaa kwenye skrini ya kuandikia, halafu bonyeza kitufe: kompyuta inaandika nafasi tupu, kana kwamba umegusa kitufe kirefu cha kibodi. Laza mpini juu, inaandika 1. Laza kulia, inaandika 2. Ndiyo maana michezo mingi ya mtu mmoja kwenye Commodore 64 inatumia tundu la pili. Ukipata mashine ya zamani, ukachomeka joistiki na mchezo ukakataa kuitika, jaribu tundu la pili kabla hujashika bisibisi.

Lakini kabla ya kuhamisha plagi, zima kompyuta. Nasisitiza. Nyaya za tundu hilo zinaingia moja kwa moja kwenye chipu bila ulinzi wowote wa maana njiani. Mwili wako hubeba umeme tuli, hasa kama umevaa nguo za nailoni na hewa ni kavu, na cheche ndogo usiyoisikia inatosha kuua chipu ambayo haitengenezwi tena. Swichi iko pale pale jirani na tundu. Itumieni.

Mpango huu wa pini tisa ulisambaa. Atari wenyewe waliuweka kwenye kompyuta zao za 400 na 800 mwaka 1979, kila moja ikiwa na matundu manne. Commodore waliokuwa wapinzani wao waliutumia kwenye VIC-20, kisha kwenye 64. Mwaka 1985 zikatoka Atari ST na Amiga, nazo zote zikawa na tundu lile lile. Amiga ina kisa kizuri. Mhandisi mkuu wa chipu zake alikuwa Jay Miner, ambaye miaka ya nyuma aliongoza kazi ya chipu ya picha ya VCS ile ya 1977. Kwa hiyo mtu mmoja alisimama pande zote mbili za safari, na kijana wa 1985 aliweza kuchukua joistiki ya kaka yake kutoka kwenye mashine ya zamani akaichomeka kwenye Amiga mpya, ikaitika.

Si kila kampuni ilikubali. Uingereza kulikuwa na ZX Spectrum ya Clive Sinclair, iliyotoka 1982 ikiwa ya bei nafuu na ikapendwa sana, lakini haikuwa na tundu la joistiki. Ilikuwa na ukingo wa ubao wa sakiti uliojitokeza nyuma, na kampuni nyingine zikaona nafasi. Mojawapo, Kempston, ilitengeneza kisanduku cha kuchomeka pale nyuma, chenye tundu la pini tisa kwa mpango wa Atari. Programu ilisoma anwani namba 31 ikapata hali ya mpini. Sinclair walipotoa kisanduku chao wenyewe 1983, wakakijalia ujanja tofauti: ukilaza mpini, kompyuta inadhani umebonyeza vitufe vya namba kwenye kibodi. Ndiyo maana michezo ya Spectrum hukuuliza kwanza una joistiki ya aina gani. Ukijibu Kempston na wewe una ya Sinclair, utalaza mpini mpaka mkono uchoke na hakuna kitakachosogea.

Mwaka 1986 kampuni ya Amstrad ilinunua biashara ya kompyuta ya Sinclair, ikatoa Spectrum +2 yenye matundu mawili ya joistiki ubavuni. Pini tisa, umbo la D, joistiki ya Atari inaingia bila shida. Lakini ndani walizipanga nyaya upya, kitufe kikahamishwa, hivyo joistiki ya kawaida haikufanya kazi. Mnunuzi alitakiwa kutumia joistiki yao waliyoiuza kwa jina la SJS1, au atafute adapta. Mimi naona lile lilikuwa tendo la uchoyo. Sura ya plagi ilimwahidi mtoto kwamba joistiki yake itafanya kazi, na nyaya zikavunja ahadi hiyo.

Hata hivyo, ile ilikuwa hasara ya pesa tu. Kuna plagi zinazoweza kuumiza mashine. Mega Drive, mashine ya michezo ya Sega iliyotoka Japani 1988, ina pedi yenye vitufe zaidi ya vile ambavyo pini za ishara za tundu lake zinaweza kubeba kwa mtindo wa waya mmoja kazi moja. Kwa hiyo Sega waliweka chipu ndani ya pedi. Chipu hiyo inalishwa volti 5 kwenye pini 5, na inaongozwa na mashine hiyo kupitia pini 7. Sasa kumbukeni: kwa Atari na Commodore, volti 5 ziko pini 7. Ukiichomeka pedi ya Sega kwenye Commodore 64, chipu inapokea umeme mlango usio wake, halafu inaanza kusukuma umeme kwenye nyaya ambazo kompyuta inazitumia kusoma kibodi. Chipu mbili zinasukumana, na moja inaweza kuungua. Wapo watu huitumia pedi ile kwenye Commodore, lakini wanaifungua kwanza na kubadilisha nyaya, au wanaweka adapta katikati.

Kitu kilekile kiko kwenye zile mashine za tivi gemu za bei nafuu kutoka China zilizofika hadi maduka ya miji yetu. Nyingi zina pedi zenye plagi ya matundu tisa, na ukiokota moja kwenye boksi la vyuma chakavu unaweza kudhani umepata joistiki ya Atari. Ndani yake mna chipu inayosubiri kuulizwa vitufe kimoja baada ya kingine, na majibu yote yanapita kwenye waya mmoja kwa foleni. Ni ustadi wa namna nyingine, na Commodore hauelewi.

Basi tufanye nini tukiokota joistiki tusiyoijua? Tuiulize yenyewe kabla ya kuichomeka popote. Weka tesita kwenye alama ya mlio. Chomeka kipande cha waya mwembamba kwenye tundu namba 8, shika hapo ncha moja ya tesita. Ncha ya pili peleka tundu namba 1. Kimya. Laza mpini juu. Ikilia, vizuri, andika kwenye karatasi: moja, juu. Endelea na 2, 3, 4, kisha 6 kwa kitufe. Zikiitika zote tano kwa utaratibu huo, na zikanyamaza ukiachia, joistiki hiyo ni ya ukoo wa Atari. Ikilia bila kubonyezwa, kuna kijibati kilichoganda au nyaya zilizogusana. Isipolia popote, jaribu matundu mengine yote mawili mawili. Ukikuta mpangilio tofauti lakini bado ni swichi tupu, adapta yake ni kazi ya saa moja: plagi dume, plagi jike, na nyaya fupi za kuhamisha kila kazi mahali pake. Ukikuta tesita inatoa majibu ya ajabu ajabu, ujue mna chipu ndani. Usichomeke.

Na ikiwa upande mmoja hauitiki vizuri, mara nyingi ni uchafu tu. Geuza tesita ipime omu. Kijibati safi kikibonyezwa kinakaribia omu 0. Kilichochafuka kinaweza kusoma mamia au maelfu. Inua kijibati, futa chini yake kwa pamba yenye spiriti, acha ikauke, rudisha.

Sasa twende kwa IBM, maana huko mambo yaligeuka kabisa. Kompyuta ya IBM PC ilitoka Agosti 1981, na pamoja nayo ikauzwa kadi ya joistiki yenye tundu la pini kumi na tano, nane juu na saba chini. Joistiki yake haikuwa na vijibati vya kushoto na kulia. Ilikuwa na volyumu mbili za omu 100,000, ya aina ile mnayozungusha kuongeza sauti ya redio, moja kwa mwendo wa kushoto na kulia, nyingine kwa mwendo wa mbele na nyuma. Ukilaza mpini kidogo, volyumu inageuka kidogo. Ukiulaza sana, inageuka sana. Kwa mchezo wa kuendesha ndege hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu rubani hageuzi ndege kwa ndiyo na hapana.

Lakini kompyuta inaelewa 0 na 1 tu. Inapimaje kiasi? Fikirini ndoo chini ya bomba. Bomba likifunguliwa sana, ndoo inajaa upesi. Likifunguliwa kidogo, inachelewa. Ukijua muda uliopita mpaka ndoo kujaa, unajua bomba limefunguliwa kiasi gani, hata kama hujaliona. Kwenye kadi ya IBM ndoo ni kapasita, na bomba ni volyumu ya joistiki. Programu inapiga hodi kwenye anwani namba 513. Papo hapo kapasita zinaanza kujaa na nyaya za jibu zinasoma 1. Kapasita ikifika kiwango chake, jibu linageuka 0. Kazi ya programu ni kuzunguka na kuhesabu: bado, bado, bado, imejaa. Volyumu ikiwa omu 0 inachukua kama sehemu 24 ukiigawa sekunde moja mara milioni. Ikiwa omu 100,000 inachukua sehemu kama 1,100.

Mmeona tatizo linakoelekea? Programu inahesabu mizunguko yake yenyewe. Kompyuta yenye kasi kubwa inazunguka mara nyingi zaidi katika muda uleule, kwa hiyo joistiki ile ile inatoa hesabu nyingine. Ndiyo maana michezo ya zamani ya PC ilianza kwa kukuamuru: peleka mpini kona ya juu kushoto, bonyeza kitufe, sasa peleka kona ya chini kulia, bonyeza tena. Mchezo ulikuwa unajifunza namba ndogo na namba kubwa za mashine yako. Michezo mingine ya awali haikuuliza, na kwenye kompyuta mpya ndege ikawa inajipinda yenyewe.

Tundu hilo nalo likabadilishiwa maana. Kadi za sauti za Sound Blaster, zilizoanza 1989, zilikuja na tundu la joistiki, nalo likapewa kazi ya pili ya kuunganisha vinanda vya kielektroniki. Pini 12 na 15, ambazo kwa IBM zilikuwa ethi na volti 5, zikawa nyaya za muziki. Joistiki iliyotegemea pini 15 kupata umeme ikanyamaza. Tena mtu aliyekuwa na kadi ya sauti na kadi nyingine yenye tundu la joistiki alikuta zote mbili zinajibu kwenye anwani 513 kwa wakati mmoja, na ilibidi azime moja kwa kuchomoa jampa kwenye ubao. Na jihadharini na tundu la AUI kwenye kadi za zamani za mtandao. Lina pini kumi na tano za mpangilio uleule, nane na saba, lakini pini yake ya 13 inatoa volti 12.

Miaka ikapita. USB ilitangazwa 1996, matundu ya zamani yakaanza kutoweka, na Windows Vista ilipouzwa kwa umma Januari 2007 haikuisaidia tena joistiki ya pini kumi na tano. Lakini kabla ya hapo watu walikuwa wameshaanza kujenga madaraja. Vojtěch Pavlík, mwanaprogramu wa Kicheki, aliandika programu za Linux zilizowezesha joistiki za pini tisa kuunganishwa kwenye tundu la printa, lile la pini ishirini na tano. Na katika simulizi ya USB yenyewe yumo mtu wa Atari: Joe Decuir, aliyekuwa miongoni mwa wabunifu wa VCS, alibuni pia njia ya SIO ya kuunganisha vifaa kwenye Atari 400 na 800, kisha miaka mingi baadaye akashiriki kazi ya USB. Mwenyewe amesema mizizi ya USB iko kwenye SIO.

Daraja letu la leo ni dogo na mnaweza kulijenga. Tafuteni ubao mdogo wenye chipu ya ATmega32U4, kwa mfano Arduino Leonardo. Chipu hiyo inajua kuzungumza USB bila msaidizi. Chukueni tundu dume la pini tisa. Lehemu waya kutoka pini 8 kwenda ethi ya ubao, kisha 1, 2, 3, 4 na 6 kila moja kwenye mlango wake wa kuingilia. Kwenye programu, amuru kila mlango uwe INPUT_PULLUP. Amri hiyo inawasha rezista ndogo zilizomo ndani ya chipu, zinazouvuta kila waya juu hadi volti 5. Ni kazi ileile iliyofanywa na rezista za Commodore 64. Kisha soma milango mitano tena na tena: ukikuta 0, mkono umebonyeza.

Tofauti iko upande wa pili. Joistiki ya Atari haikuwahi kujitambulisha kwa mtu. Kifaa cha USB lazima kijieleze kikichomekwa: mimi ni joistiki, nina mielekeo miwili ya mwendo, nina kitufe kimoja. Maelezo hayo mtayaandika kwenye programu, na kuna maktaba zilizokwisha kuandikwa za kusaidia. Kompyuta ikishayapokea, CX40 ya 1978 itaonekana kwenye orodha ya vifaa pamoja na pedi zilizonunuliwa wiki iliyopita.

Zimebaki pini 5 na 9. Hizo ni za vile vidhibiti vya kuzungusha, viwili kwenye kebo moja, vilivyotumika kwa michezo ya kurudisha mpira. Ndani ya kila kimoja mna volyumu, ya omu milioni moja kwa vile vya Atari, na inapimwa kwa mbinu ileile ya kapasita tuliyoiona kwa IBM. Vitufe vyake viwili vimeunganishwa na pini 3 na 4, ndiyo maana ukivipima kwa programu ya joistiki vinaonekana kama kushoto na kulia. Na kwenye Commodore 64 kazi ya kuzipima volyumu hizo alipewa nani? Chipu ya sauti, SID. Andikeni PRINT PEEK(54297), zungusheni kidhibiti, muandike tena. Namba itapanda au kushuka kati ya 0 na 255 kadiri mkono unavyozunguka.